Uzinduzi wa Lifti ya Mnara wa Montescur

(Hotuba hii imenakiliwa neno kwa neno na mimi, Ilda Tomat, karani wa manispaa ya Montescur, Jumapili ya kasri wazi, kuanzia saa kumi na dakika tano jioni. Diwani ameniagiza nionyeshe kwenye mabano kila mahali wananchi walipompigia makofi. Nimeonyesha nilichokiona.)

Mheshimiwa Meya wetu mpendwa, ambaye ameshindwa kufika lakini kiti chake kimefika na mnakiona hapa mbele, kile chenye mikono ya kuchonga. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye amekwenda kumtafuta Meya. Mtukufu Konte Adalrico, mwenye kasri hili kwa vizazi kumi na tisa na, kwa mujibu wa mkataba wa mauzo aliotia saini, hadi kesho saa mbili asubuhi. Baba Paroko, Don Silverio, pamoja na mbwa wake. Mwenyekiti wa Chama cha Wanajeshi Wastaafu wa Milimani, Sajini Berto, pamoja na kofia zenu zote na manyoya yenu yote. Mwalimu Mkuu wa shule yetu. Viongozi wa bendi ya matarumbeta, ambao naona wameshalala kwenye nyasi. Wadau wa utalii, wadau wa utamaduni, wadau wa mvinyo. Wageni waalikwa, wageni mliojialika. Na kwa namna ya pekee kabisa mzazi wangu, nguzo yangu, Mpima Mstaafu wa Manispaa, mzee Aurelio Pividor, mwenye umri wa miaka tisini na miwili, aliyeketi mstari wa mbele chini ya blanketi: itifaki imezingatiwa!

(Hakuna makofi. Mbwa wa paroko amebweka mara moja.)

Asanteni. Asanteni sana. Kaeni, tafadhali.

(Watu walikuwa wamekaa tangu saa nane.)

Montescur!

(Kimya.)

Nikisema Montescur, ninyi mnaitikia "Juu!" Tulikubaliana, iko kwenye waraka uliobandikwa kwenye mlango wa duka la mkate. Montescur!

("Juu," wamesema watu sita, mimi nikiwa mmojawapo kwa kuwa niko kazini.)

Mabibi na mabwana, leo ni siku kubwa, na nikisema kubwa simaanishi ukubwa huu wa kawaida, namaanisha ukubwa wa kimkakati, kwa sababu katika Jumapili hii moja ya mwaka, ambayo Mtukufu Konte hufungua lango lake ili sisi wananchi tuingie, tukanyage nyasi zake, tutazame jiko lake lenye masufuria ya shaba, tuchungulie kitanda alichopatia homa askofu fulani, kisha turudi makwetu na heshima zetu, leo hii mimi, Daktari Gualtiero Pividor, Diwani wa Utamaduni, Utalii, Ngazi na Miinuko, ninazindua rasmi, mbele ya macho yenu na mbele ya pazia hili la buluu, Lifti ya Mandhari ya Mnara wa Montescur, mradi shirikishi, jumuishi, endelevu na mtambuka, ambao haujawahi kutokea katika bonde hili lote!

("Hilo pazia ni la jukwaa la shule," amesema Mwalimu Mkuu. "Tumelitafuta tangu Alhamisi.")

Pazia ni mali ya umma, Mwalimu, na umma ndio huu. Naendelea. Najua wapo wenye haraka. Namwona Tullio, mwenye baa, mdogo wangu kiumri yule, ananyooshea kidole saa yake ya mkononi kana kwamba mimi sina saa.

("Kata huo utepe, Diwani!" amepaza sauti Tullio. "Umeufunga kwenye ngazi tangu saa tatu asubuhi, hakuna aliyepanda mnarani siku nzima. Wewe umekwenda kula jibini la kukaanga na polenta, huo ugali wetu wa mahindi, sisi tunakungoja kama mizigo. Lango linafungwa saa kumi na moja, na kesho hapa ni hoteli!" Makofi. Nimeyaonyesha, ingawa hayakuwa ya Diwani.)

Nashukuru kwa mchango huo. Ndugu zangu, utepe haukufungwa kwenye ngazi kwa nia ya kumzuia mtu, umefungwa kwenye ngazi kwa sababu ngazi ndiyo historia na lifti ndiyo mustakabali, na mtu hawezi kuingia kwenye mustakabali huku historia iko wazi anapita tu anavyotaka. Na hili si wazo langu peke yangu, hili ni zao la upembuzi yakinifu, ambao ulitanguliwa na upembuzi wa awali, ambao nao ulitanguliwa na chakula cha mchana, na umebaini, kwa takwimu ambazo sitazificha, kwamba ngazi za mnara huu zina vidato mia moja na kumi na viwili, kwamba asilimia mia ya vidato hivyo humpeleka juu mtu anayepanda, na kwamba asilimia mia ileile, bila kupungua hata moja, humrudisha chini mtu anayeshuka. Tulishangaa sana pale ofisini.

(Konte Adalrico, ambaye amekaa kwenye ukingo wa kisima anavuta kiko, ameuliza, "Lifti gani?" Diwani hakusikia.)

Sasa, mradi usio na mlengwa si mradi. Na mlengwa wetu namba moja tunaye hapa, mbele kabisa, kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na utepe kuliko mtu yeyote, maana amefika saa tatu kasorobo. Namzungumzia Bi Nives Cargnel, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na magoti mawili ambayo, kwa mujibu wa tathmini yetu, hayafai kwa vidato.

("Gualtiero, mwanangu," amesema Bi Nives, "nilikufuta kamasi ukiwa hivi. Nimekuomba kitu kimoja tu miaka mitatu: nifike juu. Mwaka wa kwanza ukasema lifti inakuja. Mwaka wa pili ukasema iko njiani. Leo ndiyo mwisho, nipishe.")

Mnasikia jinsi anavyoisubiri lifti? Huo ndio tunaouita ushirikishwaji. Na kwa faida ya wageni wetu wanaotoka mabonde mengine, niruhusuni nieleze kwa ufupi ni kwa nini Bi Nives ana hamu hii, maana serikali inayosikiliza ni serikali inayoeleza.

(Ukurasa wa pili. Karatasi zake ni kumi na moja, nimezihesabu.)

Wote mnajua kwamba lilipopita tetemeko la mwaka sabini na sita, mnara huu ulianguka wote, na wazee wetu hawakuuacha uwe kokoto. Waliyabeba mawe yake moja moja, wakayalaza uwandani kwenye nyasi, kila jiwe wakaliandika namba chini kwa rangi, ili siku moja kila moja lirudi palepale lilipokaa. Zilikuwa timu mbili. Timu ya waashi, chini ya fundi Ermes Cargnel, marehemu mume wa Bi Nives, iliandika kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na Bi Nives mwenyewe alishika kopo. Timu ya manispaa, chini ya baba yangu huyu, Mpima Aurelio, iliandika kwa kijani, kijani cha manispaa, kijani kilekile mnachokiona hadi leo kwenye mabenchi ya uwanja na kwenye milango ya vyoo vya umma, rangi ya usahihi, rangi ya nidhamu, rangi ambayo mimi nimekulia ndani yake!

(Mzee Aurelio ameinua mkono kutoka chini ya blanketi. "Gualtiero," amesema, "kaa chini.")

Baba yangu ananipongeza. Asante, Baba. Basi, mnara ukajengwa miaka minane, mawe elfu nne na mia mbili yakarudi kwao, na siku ya mwisho, mabibi na mabwana, ikatokea aibu ndogo. Mahali pa jiwe la mia sita na kumi na nane palikuwa hapana jiwe, pamezibwa kwa matofali, ambayo leo watalii huyapiga picha wakidhani ni ya Warumi. Na kule juu likabaki jiwe moja la ziada, halina kwao. Yaani kuna mtu aliandika mia sita na kumi na saba mara mbili, akasahau kumi na nane. Kamati ikaundwa, mwenyekiti akawa baba yangu, na ndani ya siku moja tu, spidi ambayo manispaa yetu haijaifikia tena, kamati ikabaini kuwa kosa ni la Ermes. Jiwe likawekwa kwenye roshani ya mnara, upande wenye namba ukiwa chini, likashikizwa kwa chokaa liwe benchi. Nanyi wananchi, kwa ubunifu wenu, mkaliita Jiwe la Ermes.

(Watu wametazama chini. Mimi pia. Baani kwa Tullio, mtu akikosea kuhesabu karata, huambiwa, "Umehesabu kama Ermes." Nimelisema mwenyewe mara nyingi, na mara moja Ermes alikuwa meza ya pili. Aliendelea kunywa mvinyo wake.)

Fundi Ermes alitutoka mwezi wa pili, Mungu amlaze pema. Na sasa mjane wake amekuja na hoja, ambayo manispaa imeipokea, imeigonga muhuri na kuihifadhi, kwamba jiwe lipinduliwe ili rangi ionekane.

("Hakuwahi kukosea jiwe," amesema Bi Nives. "Kopo nilishika mimi, kila namba aliitaja kwa sauti nami nikaijibu. Miaka arobaini nimemwambia apande alipindue, ananiambia, liache, Nives, watu watapata la kucheka. Nimelala na huyo mtu, najua kama lilimuuma au halikumuuma. Kesho wenye hoteli wanaling'oa waweke beseni la maji moto. Nataka nilione leo, kwa macho yangu. Likiwa jekundu nitanyamaza hadi naingia kaburini.")

Ni hoja yenye hisia, na hisia zina dirisha lake pale ofisini, Jumanne na Alhamisi. Lakini niseme wazi kama mtaalamu: jiwe hilo halihitaji kupinduliwa, kwa sababu ripoti ipo! Ripoti imesema rangi ilifutwa na mvua. Mtu anayepindua jiwe kupingana na ripoti, huyo kesho atapindua nini?

(Hapa Diwani amegeukia upande wa pili kunywa maji. Sajini Berto ametazamana na Konte. Konte ametoa kiko mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Lipindueni. Hadi kesho ni langu." Berto amewakonyeza wenzake watatu. Ni wanne, wa mwisho kuzaliwa ana miaka sitini na tisa. Kiti cha magurudumu hakiwezi kuingia kwenye ngazi ya kuzunguka, kwa hiyo wamechukua kiti cha Meya.)

Turudi kwenye lifti. Lifti hii, ndugu zangu, itakuwa na uwezo wa kubeba watu wanane wa kawaida au madiwani watano. Itakuwa na kioo pande tatu, ili abiria aone bonde, na upande wa nne picha yangu, ili abiria ajue nani amemwonyesha bonde. Itapanda kwa sekunde arobaini, ambapo hivi sasa mtu wa makamo hutumia dakika tisa na matusi mawili. Na kwa makadirio ya kitaalamu itaongeza furaha ya wakazi kwa asilimia thelathini na nne nukta sita.

(Berto amemwambia Bi Nives, "Shangazi, shika mikono ya kiti, usitazame chini." Bi Nives amejibu, "Nyie ndio mtazame mnapokanyaga, mmezeeka." Tullio ameinua utepe, wakapita chini yake. Wa mwisho amebeba mtaimbo begani. Saa kumi na dakika ishirini na nane.)

Naona mnasogea upande wa ngazi. Vizuri! Hiyo ni shauku. Jipangeni kwa mstari, wazee mbele, wenye barua kutoka ofisini kwangu mbele ya wazee.

(Bendi imeamka na kupita chini ya utepe. Mpiga ngoma amegeuzwa njiani kwa sababu ya ngoma, akaiacha chini, akapanda tena.)

Wapo wanaoniuliza, Diwani, mafanikio haya unayatoa wapi? Nami huwajibu, nayatoa nyumbani. Nimelelewa na mtu ambaye hakukosea. Mtu aliyehesabu mawe elfu mbili na mia moja kwa mkono wake, usiku akirudi nyumbani ananihesabia hata vijiko. Mimi nikiwa darasa la tatu nilikuwa nawaambia wenzangu, baba yangu ndiye aliyeupanga mnara, na mjomba wa fulani ndiye aliyeuharibu. Waliokuwa darasa langu mnakumbuka.

("Mpwa wa Ermes alikuwa dawati moja na wewe," amesema Mwalimu Mkuu. "Aliacha shule.")

("Kaa chini, mwanangu," amesema mzee Aurelio. "Nakuomba. Kaa.")

Mzee wangu amezidiwa na furaha, machozi yanamtoka, mtazameni. Baba, vumilia, nimebakiza karatasi tano tu. Eh, samahani. Kiti cha Meya kiko wapi? Meya amekuja? Amekuja akaondoka? Karani, andika kwamba Meya alihudhuria.

(Nimeandika kwamba Diwani alisema hivyo.)

Tuseme kuhusu changamoto, maana mimi si mtu wa kuficha changamoto. Changamoto ya kwanza ni upepo. Ya pili ni njiwa. Changamoto ya tatu ni wananchi wachache wasiotaka maendeleo, ambao wakiona pazia wanauliza nyuma yake kuna nini. Kwani ni lazima? Bibi harusi anapojifunika shela, mnamfunua kabla ya paroko kufika?

(Don Silverio alikuwa kidato cha kumi hivi, akipandishwa na mbwa. Saa kumi na dakika arobaini na mbili. Uwanjani tumebaki Diwani, baba yake, Konte, Tullio, Mwalimu Mkuu na mimi.)

Na sasa, mabibi na mabwana, wakati mliousubiri! Namwita mlengwa wetu, Bi Nives Cargnel, asogee, ashike mkasi pamoja nami, akate utepe, awe abiria wa kwanza katika historia. Karibu, Bi Nives! Bendi, pigeni! Bendi? Bi Nives?

("Niko huku, mwanangu!" Sauti imetoka juu, kwenye roshani ya mnara. Kisha imesikika, "Berto, piga hapo kwenye chokaa, hapo, si kidoleni!")

Haiwezekani. Amefikaje? Lifti haija... Nasema, lifti haijazinduliwa!

(Mlio wa mtaimbo kwenye jiwe. Mara moja. Mara mbili. Vumbi jeupe limeshuka hadi kwenye meza yangu. Mzee Aurelio ameshusha blanketi, amesimama. Sijamwona akisimama bila kushikwa tangu Pasaka.)

Nawaagiza mteremke! Kwa mamlaka niliyopewa! Huo ni uharibifu wa benchi!

("Tumelipindua!" amepaza sauti Berto. "Rangi gani?" ameuliza Tullio, viganja mdomoni. Nimehesabu moyoni hadi tisa. Kisha Bi Nives amesema neno moja, si kwa kelele, lakini uwanja huu una mwangwi: "Kijani." Halafu akapasua sauti yake yote: "Kijani, jamani! Mia sita na kumi na saba, kijani kama benchi! Ermes! Umesikia, Ermes?")

Ndugu wananchi, kijani ni... Kijani kina tafsiri nyingi. Kuna kuvu. Kuna ukungu, kuna majani. Baba, waambie. Wewe ndiye mtaalamu. Waeleze kuhusu mvua.

("Hapakuwa na mvua," amesema mzee Aurelio. Diwani alikuwa amemsogezea kipaza sauti, kwa hiyo wote juu wamesikia. "Ni langu. Niliona kosa siku ileile ya kulipanga. Nilikuwa nimepandishwa cheo wiki hiyo, nikaona haya. Nikalifunika uso chini, nikaandika Ermes. Naye alijua. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akaniambia, Aurelio, hilo si langu. Nikamwambia, ripoti imeshapelekwa. Akavaa kofia yake. Na kila Jumapili, miaka arobaini, akikutana nami kanisani aliivua kofia hiyo kunisalimia. Nimekwambia kaa chini tangu ulipoanza, Gualtiero.")

(Diwani ameshusha kipaza sauti. Ni mara ya kwanza katika miaka yangu kumi na minne ya kunakili.)

("Nives!" ameita mzee Aurelio. "Nives, nataka kusema hayo mbele yako!" Bi Nives amejibu kutoka juu: "Mleteni. Na avae koti, huku kuna upepo.")

(Wanaume wanne wametokea chini ya ngazi wakihema, na kiti cha Meya kitupu. Tullio amefungua utepe kwa mikono, akautia mfukoni. "Mzee Aurelio," amesema, "lifti imeshuka." Wamempandisha. Diwani amemtazama baba yake hadi alipopotelea kwenye kona ya kwanza ya ngazi.)

Kwa... Kwa kumalizia. Nimebakiwa na karatasi ya shukrani. Iliandikwa, na kilichoandikwa husomwa. Napenda kuishukuru kwa dhati kampuni iliyoijenga lifti hii, ambayo jina lake limeachwa wazi hapa kwenye karatasi hadi itakapopatikana. Namshukuru mhandisi aliyeichora, ambaye atateuliwa. Naishukuru kamati ya usimamizi, ambayo itakaa kikao chake cha kwanza ikishaundwa. Nawashukuru mafundi umeme kwa umeme, ambao mnarani haupo. Na namshukuru Mtukufu Konte Adalrico kwa kibali chake cha maandishi, ambacho tulikusudia kukiomba.

("Ndiyo kwanza nasikia leo," amesema Konte. Hapo upepo umeshusha pazia. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kasri, na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya fedha, umeegemezwa tu, na kitufe kimoja kimechorwa kwa kalamu ya wino. "Mlango wa kabati langu la ramani!" amesema Mwalimu Mkuu.)

Karani, andika. Andika hivi kwenye ripoti: siku ya uzinduzi lifti ilipandisha abiria wawili, wenye jumla ya miaka mia moja na sabini na mmoja, haikuharibika, na haikutumia umeme. Umeandika?

(Nimeandika. Safari hii nimeandika kwa kupenda.)

Basi. Asanteni kwa kunisikiliza. Maendeleo kwa wote! Miinuko kwa wote! Montescur!

(Uwanjani hapakuwa na wa kuitikia. Tullio na Mwalimu Mkuu walikuwa wameshaanza kupanda. Diwani amesubiri, kipaza sauti kifuani, akitazama juu. Hapo ndipo zimesikika kutoka mnarani sauti mbili za wazee, moja ya kike na moja ya kiume, hazikupatana vizuri: "Juu!")

(Konte amesema anaongeza nusu saa, yeye ndiye mwenye funguo. Diwani amekaa chini. Nimefunga daftari nikaenda kupanda, vidato mia moja na kumi na viwili.)